Skrini ya Pili

"Sindano, umefika?"

"Niko mlangoni, Mkuu."

"Una dakika hamsini. Saa nne kamili wanapakia."

"Usinihesabie. Najua."

Akabonyeza kengele.

Mlango ulikuwa wa chuma, una makufuli matatu na kamera juu yake. Sindano akaitazama kamera na kuipa tabasamu la fundi wa kompyuta aliyechelewa kwa mteja. Begani alining'iniza mkoba wa vifaa. Sikioni alificha kisikilizi kisichozidi punje ya mchele, na chenyewe kilinasa kila neno lililosemwa karibu naye. Bastola yake, Walther aliyoizoea, aliiacha garini, maana nyumba hii watu walipekuliwa mpaka soksi.

Na moyoni? Moyoni alikuwa na mdogo wake.

Kitinda. Mdogo wake wa pekee, jasusi kama yeye. Miezi minne alikuwa amejipenyeza kwa wafanya magendo wa silaha, na jana jioni wakamgundua. Hawakumpiga risasi, washenzi wale. Walimtia ndani ya kontena la kusafirishia matunda, wakawasha mashine ya baridi, wakaliacha bandarini katikati ya makontena elfu nne.

Namba ya kontena hilo ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ilikuwa nyuma ya mlango huu. Mwenye kompyuta walimwita Kipara. Ukurasa wa mizigo ulifunguka kwa dole gumba lake, mara moja kwa siku, saa tatu na nusu, alipotoa amri ya kupakia. Ukimkamata mapema, watu wake bandarini wanakosa amri na wanautosa mzigo baharini. Ukichelewa, meli imekwenda zake.

Ila Kipara alikuwa na shida, na Makao Makuu ya majasusi waliinasa shida hiyo kwenye simu yake. Alikuwa anatafuta fundi wa gemu.

Makufuli yakalia moja baada ya jingine.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, bosi."

"Nilitegemea mwanamume."

"Na mimi nilitegemea chai. Tuanze kazi?"

Kipara akacheka. Lakini huku anacheka aliumwaga mkoba wote mezani, akashika kila bisibisi, akaigeuza, akairudisha. Kiunoni mwake fulana ilikuwa imevimba. Beretta, Sindano alijiambia, na alibeba upande wa kulia.

"Sikiliza," Kipara akasema. "Mama yangu kavunjika nyonga, wiki ya sita yuko kitandani. Anapenda gemu ya mbio za magari kuliko anavyonipenda mimi. Kompyuta iko huku, tivii yake iko chumbani. Nikaweka hii seva ya kurusha gemu toka hapa mpaka kule. Siku tatu nahangaika nayo! Nimesalimu amri."

"Kwa nini usimnunulie kompyuta yake?"

"Kompyuta ya pili haiingii nyumba hii."

Mezani palikuwa na skrini mbili. Kubwa ilionyesha picha ya gari jekundu. Ndogo ilikuwa imegeuzwa, uso umetazama ukuta.

"Na ile, bosi?"

"Ile haikuhusu."

Sindano akaketi. Saa tatu na dakika kumi na nne.

Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Alifungua ukurasa wa mipangilio ya seva, akaweka jina na neno jipya la siri. Akachagua skrini ya kurusha, ile kubwa. Akaingia kwenye ruta na kufungua milango ya mtandao inayotakiwa.

"Unafungua nini hapo?" Pumzi ya Kipara ilikuwa shingoni mwake.

"Njia ya gemu, bosi. Bila hiyo picha itakwamakwama."

Gemu ya kwenda chumba cha pili haihitaji njia ya kutoka nje ya nyumba. Kipara hakulijua hilo, na ndiyo maana alikuwa ameita fundi.

Ikabaki kutambulishana. Kifaa kinachotaka kupokea picha huonyesha namba nne, nawe unaziandika kwenye seva. Mara moja tu, na tangu hapo wanajuana. Sindano akakuna sikio, na Mkuu alikuwa tayari.

"Nne, moja, tisa, sifuri," akanong'ona sikioni, namba za kompyuta ya Makao.

Akaziandika mbele ya macho ya Kipara mwenyewe.

"Imekubali?"

"Imekataa. Namba ya majaribio hukataa mara nyingi. Hebu nisomee ya kwenye tivii."

"Mama!" Kipara akapaza sauti. "Namba gani hiyo kwenye tivii?"

"Saba, saba, mbili, tano!" ikajibu sauti kavu kutoka chumbani. "Na usinipigie kelele! Iliyovunjika ni nyonga, siyo masikio!"

Sindano akaandika. Sikioni Mkuu akanong'ona, "Tumeingia. Tunaona gari jekundu."

Kipara akatazama saa ya ukutani. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nenda kamjaribishie mama. Mimi nina kazi kidogo, na mlango huu usiufungue mpaka nikuite."

Sindano akauchukua mkoba wake, akaenda. Chumba cha mama kilijaa jua. Mwenyewe aliegemea mito mitatu, miwani puani, padi ya gemu mikononi.

"Karibu, mwanangu. Mbona unatetemeka?"

"Ni njaa tu, mama."

"Sindano." Sauti ya Mkuu ilikuwa imebadilika. "Hatuoni kitu."

Akajisogeza dirishani, mgongo kwa kitanda. "Mnaona nini?"

"Gari jekundu tu. Saa tatu na nusu imepita na hakuna kilichofunguka."

Lakini yeye alikuwa anasikia! Ng'ambo ya ukuta vidole vya Kipara vilikuwa vinagonga vibonyezo, na kiti kililia alipoinamia kitu.

Skrini ndogo.

Salaale! Seva hurusha skrini moja, na yeye kwa mkono wake mwenyewe alichagua kubwa. Aliiona ile ndogo. Aliambiwa haimhusu, akanyamaza, kama anavyonyamaza fundi yeyote mwenye adabu akiambiwa na mwenye nyumba. Alijifanya fundi mpaka akawa fundi kweli, na Kitinda ndiye anayekufa kwa ajili hiyo. Akataka kulia, akajikaza kisabuni.

Akachomoa simu. Neno la siri la wifi alikuwa amepewa na Kipara mwenyewe. Mipangilio ya seva hufunguka kwenye kifaa chochote kilichomo nyumbani humo. Akaandika jina, akakosea, akarudia. Skrini ya kwanza akaibadilisha, akaweka ya pili. Hifadhi. Anzisha upya.

Seva ikaanguka. Moja, mbili, tatu, nne. Ikainuka.

"Sindano, tumetupwa nje! Inasema seva ina mtu!"

Tivii ya mama ilikuwa imewahi, na mipangilio ile ilikubali mtazamaji mmoja tu. Kwenye kioo, badala ya magari, ikatokea orodha ndefu yenye maandishi madogo madogo.

Halafu ikaja sauti ya mwanamume, nzito, imejaza chumba kizima.

"Bosi, bado anagonga."

Ng'ambo ya ukuta Kipara akafoka, "Haloo? Haloo! Sikusikii wewe!"

Seva ikianza kurusha picha huichukua na sauti. Yaliyokuwa yanasemwa kwa Kipara yalikuwa yanasikika kwa mama yake.

"Nani anagonga?" mama akauliza.

"Bosi, unanipata? Yule wa kwenye kontena. Nimesimama hapa hapa mlangoni pake. Tumpandishe hivi hivi, au tungoje anyamaze kabisa?"

Na nyuma ya sauti hiyo, juu ya chuma, hafifu sana:

Ngo, ngo, ngo.

Kimya.

Ngo, ngo.

Sindano akaketi ukingoni mwa kitanda. Nyumba waliyokulia ilikuwa na bafu moja, na yeye alikuwa na tabia mbaya ya kujifungia humo saa nzima. Kitinda alikuja kugonga tatu, kisha mbili, hakuchoka, mpaka afunguliwe.

"Wewe si fundi," mama akasema polepole.

"Si fundi, mama."

"Huyo anayegonga ni nani?"

"Mdogo wangu."

Mama alimtazama Sindano, akautazama ukuta ambao nyuma yake mwanawe alikuwa anapiga meza kwa hasira.

"Unataka nini kwenye hiki kikaratasi cha tivii?"

"Namba yake. Shusha chini, mama, nakuomba. Padi unayo wewe."

Dole gumba la yule mama lilikuwa jepesi ajabu. Orodha ikateremka. Mama akasoma kwa sauti, kama mtu anayetafuta jina kwenye matokeo ya mtihani.

"Ndizi... ndizi... vipuri... ndizi... Hii hapa imeandikwa 'hai'. Nyuzijoto mbili." Akameza mate. "Tano, sifuri, nane, tatu, tatu, moja, sita."

"Tumeipata!" Mkuu akasema. "Kikosi chetu cha bandarini kinaingia. Mzuie mtu wako asiwaonye!"

Lakini Kipara alikuwa ameshaona mshale wa kompyuta yake ukitembea bila mkono wake. Mlango ukafunguliwa kwa teke.

Beretta, mkono wa kulia. Macho yakamtoka pima alipoiona tivii.

"Mama, sogea huko!"

"Nisogee vipi na nyonga hii?"

"Fundi, toka kitandani kwa mama yangu!"

Sindano alianza kujitenga, maana hakutaka risasi ipite karibu na kikongwe yule. Mkono mkavu ukamdaka kifundo cha mkono.

"Kaa," mama akasema. Akamgeukia mwanawe. "Piga basi. Anza na mimi."

Tivii ikalipuka kwa kelele: viatu vinavyokimbia, filimbi, mtu akipiga ukelele, "Mikono juu! Lala chini!"

Kipara akageuza kichwa. Kidogo tu.

Kidogo kilitosha. Mkoba wa vifaa ukapaa na kumpata kwenye kiwiko, Beretta ikaanguka zuliani, kiganja cha Sindano kikamfuata kooni. Kipara akaenda chini mzima mzima. Waya wa mtandao kutoka mkobani, mita tatu, wa bluu, ukazunguka vifundo vya mikono yake mara nne.

"Mkuu, ninaye. Vipi huko?"

"Ngoja."

"Mkuu!"

"Wanakata kufuli, Sindano. Ngoja."

Kwenye tivii chuma kililia juu ya chuma. Hakuna aliyekuwa anagonga tena. Sindano alikodolea macho orodha ile ya ndizi bila kuisoma, ameuma mkono wake mwenyewe ili asipige yowe. Hakuwahi kuogopa namna hiyo, si chini ya risasi, si popote. Mlango wa kontena ukaguna. Kimya. Watu wakaitana kwa sauti za chini, mtu akataka blanketi, mwingine akasema, "Mpe redio. Dada yake yuko hewani."

Ikaja pumzi kwenye kisikilizi chake. Meno yaligongana.

"Dada... mbona unakaa sana humo?"

Sindano akafumba macho.

"Nisamehe, mdogo wangu. Natoka sasa hivi."

Akaokota bisibisi zake moja moja, akazipanga mkobani, akaitia Beretta juu yake. Ngazini wenzake walikuwa wanapanda kumchukua Kipara. Akanyoosha mkono kuizima tivii.

"Iache," mama akasema. "Nataka kusikia wakimfikisha hospitali."

Akaiacha.

Alipokuwa anatoka, nyuma yake yule mama alikuwa amevua miwani na kumwinamia mwanawe aliyelala zuliani.

"Mimi nilikuuliza swali. Nani alikuwa anagonga?"

Kipara akageuza uso.

Sindano akashuka ngazi bila haraka, mkono mmoja mfukoni, akawapisha wenzake wapande. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Akafungua gari, akaiweka Walther mahali pake, akawasha injini.

"Hospitali gani, Mkuu?"

"Ya bandarini. Lakini kwanza njoo Makao utoe ripoti."

"Ripoti itangoja," akasema, akatoa kisikilizi sikioni.

Nusu saa baadaye alisimama mbele ya mlango mweupe wa wodi. Hakuufungua. Aligonga tatu, kisha mbili, akangoja afunguliwe.