Nati Isiyouzwa

Pikipiki haikuwa na tangi, lakini ilinuka petroli.

Rosalba aliisikia harufu hiyo asubuhi, akiwa amebeba beseni la nguo. Akasimama kwenye mlango wa banda la nyuma, akakunja pua. Tangi lenyewe lilikuwa sebuleni, limening'inia msumarini pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu likingoja rangi, kavu kama koo la mlevi. Humo bandani kulikuwa na fremu, magurudumu, viti viwili vya ngozi na injini ambayo haikuwa imeonja mafuta tangu kitinda mimba wake akiwa ananyonya. Hata hivyo harufu ilikuwa mbichi. Na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo ulioloa mvua. Mvua haikuwa imenyesha popote Kampala.

"Okwir!" akaita. "Umemwaga nini humu?"

"Sijamwaga kitu," mumewe akajibu kutoka chooni.

"Basi njoo unuse."

"Mama Nelima, acha mtu amalize shughuli yake!"

Akamwacha. Lakini nguo hakuzianika upande ule.

Sasa turudi nyuma kidogo, asije mtu akauliza katikati. Okwir alikuwa mwendesha pikipiki wa polisi, wale wa kutangulia misafara wakipuliza ving'ora. Alipostaafu, wenzake pale kwenye kilima cha Naguru walifuga kuku, wakajenga vibanda vya kupangisha. Yeye akaokota mzoga. Pikipiki ya Kiingereza ya zamani, ya aina ile ile aliyoiendesha marehemu baba yake, ilikuwa imelala kwenye majani nyuma ya karakana moja, panya wamezaa ndani ya taa. Akaileta nyumbani juu ya mkokoteni, anatabasamu kama bwana harusi. Rosalba alikuwa ameliwekea matumaini banda lile kwa cherehani yake. Cherehani ikabaki chumbani, chini ya kitanda.

Taabu ya pikipiki hiyo ilikuwa meno ya nati. Bolti za siku hizi, za Kichina na za Kijapani, hazikubaliani na nati za Waingereza wa zamani. Unaingiza, inazunguka mara moja vizuri, inakupa moyo, halafu inagoma. Ukilazimisha, umeua zote mbili. Na nyaya pia Okwir alizitaka za zamani, zilizovikwa kitambaa, siyo hizi za plastiki. Akawa anazunguka kwa wauza vyuma chakavu na bolti moja ya mfano mfukoni, akiitoa na kuionyesha watu kama picha ya mtoto aliyepotea. Walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mzee, hiyo kaulize jumba la makumbusho."

Mpaka alipofika Nateete, nyuma ya soko, kwa Mkongomani mmoja aitwaye Ambroise.

Ambroise alikuwa na pikipiki ya aina ile ile, imevunjwavunjwa, iliyoletwa kwa lori kutoka upande wa Bunia. Alimuuzia Okwir fungu zima la nyaya, spoki, springi za kiti cha abiria na bolti kopo tele. Kitu kimoja tu alikataa kuuza: nati kubwa ya ekseli ya nyuma, aliyokuwa ameitundika ukutani kwa uzi mwekundu.

"Hii apana, muzee," alisema. "Mutu alikufa juu ya ile pikipiki. Sisi watu wa vyuma, pikipiki ya maiti hatuuzishake yote. Maiti moja, nati moja inabaki. Ikikosa nati yake, mwenyewe akipita haitambui. Ukiikamilisha, anakuja kuchukua kitu yake."

Okwir alicheka mpaka akakohoa. Lakini gurudumu la nyuma halikai bila nati ya ekseli. Alichongesha moja kwa fundi, ikatafuna meno. Akachongesha nyingine, ikapasuka. Basi mzee mzima akanuna. Hali, haogi, anakaa bandani anatazama ekseli. Rosalba aliwahi kuvumilia mumewe akiwa vitani, akavumilia akiwa hospitali, lakini kumvumilia akinuna kwa ajili ya nati kulimshinda. Siku moja alivaa vazi lake zuri la gomesi, akaenda Nateete mwenyewe.

Ambroise hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Marie-Louise, anachambua sombe, kisamvu cha kwao.

"Mumeo amesema nichukue ile ya ukutani," Rosalba akasema, jicho kavu kabisa.

"Ambroise? Amesema?"

"Sasa mimi nimeijuaje kama hakusema?"

Marie-Louise akasita. Akamtazama huyu mama mtu mzima mwenye rozari shingoni na gomesi iliyopigwa pasi. Akaifungua ile nati. Na Rosalba akarudi Naguru nayo ndani ya mfuko wa kavera, pamoja na nyanya.

Jioni hiyo Okwir aliikaza. Iliingia laini, alisema, kama kidole kwenye siagi. Asubuhi yake ndiyo Rosalba aliposikia petroli.

Baada ya harufu zikaja sauti. Tik, tik, tik, spana inakaza, na Okwir yuko mezani anakunywa chai. Rosalba akiingia bandani, kimya. Springi za kiti cha nyuma zililia kiiii, kama mtu mnene anakaa vizuri, na zilipolia kiti kilishuka kidogo, na hakikupanda tena.

Kisha Okwir mwenyewe. Alianza kuburuta mguu wa kushoto, ambao haukuwahi kumuuma maisha yake yote. Mkono wa kulia ukawa unajisokota wenyewe hata akishika kijiko, unavuta mafuta ya pikipiki isiyokuwepo. Na akiwa anamega posho, ule ugali wa Kampala, alikuwa akigeuza shingo, anatazama nyuma ya bega lake, anasema polepole, "Shika vizuri."

"Nishike nini?" Rosalba akauliza mara ya kwanza.

"Eh?"

"Umesema nishike vizuri."

"Mimi? Sijasema kitu. Ongeza posho."

Siku aliyomsugua mgongo bafuni, Rosalba aliona michubuko. Ilikuwa kiunoni, inazunguka kwenda tumboni, ya buluu, vidole vinne huku na vinne huku.

"Okwir," akasema, anaweka sabuni chini taratibu. "Ni mwanamke gani wa baa za Kabalagala amekukumbatia hivi?"

"Kabalagala? Mimi na mguu huu?"

"Nani amekushika?"

Okwir akajitazama. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayesomewa barua ya msiba. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni mkanda." Na hakuwa na mazoea ya kuvaa mkanda, ni mtu wa suruali za kamba. Hapo Rosalba alianza kuogopa.

Jumamosi umeme ulikatika magharibi, jua halijamaliza kuzama. Rosalba alikuwa jikoni anasonga. Akasikia kiki ikipigwa. Mara moja. Mara ya pili. Akajiambia Okwir anachezea, lakini moyo ukamwambia tangi liko msumarini na betri iko kwa fundi, na ya tatu ilipopigwa injini ikanguruma, ikanguruma mpaka masufuria yakacheza kwenye rafu, na harufu ya petroli ikajaa jikoni ikafunika moshi wa makaa, na yeye akatoka mbio na mwiko mkononi, unga unadondoka, akaona mlangoni mwa banda mwanga wa njano wa taa ile ya zamani ambayo jana yake haikuwa na hata glopu, na katikati ya mwanga mumewe ameketi juu ya pikipiki, mgongo umenyooka kama kijana, mguu wa kushoto unaning'inia umegeuka upande ambao mguu wa mtu haugeuki, na akamtazama mkewe aliyemzalia watoto sita kama anavyotazamwa mpita njia, akamuuliza kwa sauti ya kijana na kwa Kiswahili ambacho hakuwahi kukizungumza, "Mama, njia ya Bunia ni wapi? Nimechelewesha mutu."

Rosalba akamsogelea. Alimpiga mwiko wa kifua. Ulikuwa wa moto na umejaa posho, na sijui kama ni moto au ni mshtuko, injini ilizima, Okwir akaporomoka kwenye usukani, analia.

"Usiniache niende," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mama Nelima, huyu ananiendesha mimi."

Chini kidogo ya kilima aliishi Sumayiya, Mnubi, mjane wa sajenti. Alitibu watu kwa ubani na maji ya kombe, na kwa kuwagombeza. Yeye na Rosalba walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kamba ya nguo. Siku hiyo Rosalba alibisha mlango wake na rozari mkononi.

"Leo Bikira amekuelekeza kwangu?" Sumayiya akasema.

"Nitukane baadaye, dada. Mume wangu anachukuliwa."

Sumayiya alivaa ndala. Alipofika bandani hakuingia. Alinusa, akarudi hatua, akanong'ona, "Mmeingiza nini hapa ambacho mlikatazwa?"

Rosalba akasema. Yote, pamoja na uongo wa Nateete. Sumayiya alisikiliza akitikisa kichwa.

"Mpigie mwenye nati."

Ambroise alikuja na boda, hasira zimemtangulia mlangoni. "Mama, wewe ulidanganya bibi yangu! Mama mukubwa na rozari!"

"Ndiyo. Umekuja kunihukumu au kufungua?"

"Mimi siguse. Mwenye kuiingiza humu kwa uongo ndiye ataitosha, ndiye ataifungua."

Wakamkalisha Okwir nje. Haikusaidia: Sumayiya alipochoma ubani na kuanza kusoma, Okwir alinyanyuka kwa mguu ule uliopinda, akawapita wanawake kama mapazia, akapanda. Taa ikawaka. Rosalba akapiga magoti kwenye mafuta, nyuma ya gurudumu, akaweka spana kwenye nati. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Akavuta, haikwenda. Juu yake sauti ya kijana ilikuwa inabembeleza, mama, ni yangu, mama, niache nifike tu, mvua inakuja, mama, tumekaribia, na Sumayiya anasoma kwa sauti inayopanda, na Ambroise mlangoni anaita Yezu na watakatifu wote wa Kongo, na gurudumu lililoinuliwa juu ya tofali likaanza kuzunguka lenyewe pole pole, spoki zinampita Rosalba karibu na pua, akafumba macho akafikiria mtu anayekoroma kitandani kwake tangu ujana wao, na jinsi ambavyo hakuwahi kumwambia kitu kizuri hata kimoja kwa sababu alidhani muda upo, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, na uzito anao. Nati ikalia. Ikageuka.

Taa ikazima. Okwir alianguka juu yake kama gunia la muhogo.

Harufu ikakatika hapo hapo. Ambroise aliifunga nati kwa uzi mwekundu, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Okwir alilala, akaamka mguu umenyooka, akadai posho na malakwang, mboga chachu ya kwao, akalalamika kwamba malakwang haina odii ya kutosha, siagi ile ya karanga. Rosalba alimwongezea, akamwambia, "Nafurahi upo." Okwir akashtuka zaidi kuliko siku ya jini.

Pikipiki ilibaki bandani, haina nati ya nyuma. Ilikubaliwa wauze vyuma vyote. Sumayiya alipewa kamba ya nguo.

Simu ililia mchana mmoja, jua kali, watoto wa jirani wanacheza uani. Rosalba alikuwa bandani anapima pa kuweka cherehani.

"Mama," Ambroise akasema, na safari hii hakuwa na hasira. "Nimeuliza watu ya Bunia juu ya ule kijana. Wanasema siku ile hakuwa peke yake. Alikuwa amebeba mutu. Mwanamuke. Walikufa wote wawili."

Rosalba akaacha kupima.

"Mama, unasikia? Mimi nilijua maiti moja. Nilibakisha nati moja."

"Nasikia," akasema. "Na wa pili nati yake ni ipi?"

"Sijue, mama. Ile yoyote. Sijue."

Rosalba akaitazama pikipiki. Ilikuwa na nati kila mahali, kwenye madigadi, kwenye injini, chini ya viti, na zote Okwir alikuwa amezikaza kwa mkono wake. Springi za kiti cha abiria zikalia kiiii. Kiti, ambacho kilikuwa kimeshuka siku zote hizi na hakuna aliyekumbuka kukitazama, kikapanda juu taratibu, kama mtu ameshuka.

Hakupiga kelele. Aligeuka aende zake, tena bila kukimbia. Alipofika mlangoni blauzi yake ikakunjamana kiunoni, vidole vinne huku, vinne huku, baridi kama udongo wa mvua. Kisha mkono mmoja ukaachia, ukampiga begani mara mbili kwa upole, kama abiria wa boda anapomwambia dereva kwamba ameshakaa vizuri, twende.