Mlango wa Bluu Usio na Kitasa

"Mwalimu, kitanda namba saba kimenishinda," sista aliniambia Jumatatu asubuhi, kabla sijaweka mkoba chini. "Presha mia na tisini. Daktari wa usingizi amesema isiposhuka kabla ya saa nne, hapandi mezani. Nenda na rangi zako."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa nawapa karatasi, brashi na rangi za maji, wachore chochote mpaka woga upungue. Ndugu zangu hunicheka, eti nalipwa kuchezesha watu wazima. Wacheke tu. Mimi nimeona mikono ikiacha kutetemeka. Na nina sheria moja: mgonjwa ambaye hajapasuliwa simuulizi amechora nini wala kwa nini. Swali linaweza kuamsha jambo ambalo huna muda wa kulituliza.

Nikavuta pazia la namba saba, nikatamani kulirudisha.

Alikuwa Fundi. Seremala wangu, aliyepotea miaka sita iliyopita, wiki tatu kabla ya harusi yetu, bila neno, simu haipatikani. Dada yangu ndiye aliyerudisha gauni dukani kwa niaba yangu.

"Bosi," alisema. Aliniita hivyo tangu zamani, kwa sababu ya kuamrisha kwangu. "Kumbe wa rangi ni wewe."

"Ni mimi. Shika brashi."

"Hata salamu hakuna?"

"Presha yako imenisalimia tangu mlangoni. Chora."

Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake ulikuwa umevimba upande mmoja kama tairi la baiskeli lililochoka. Madaktari walitaka kukata kipande kile na kuweka bomba jipya kabla hakijapasuka. Presha ikiwa juu vile, hawagusi.

Akachora, polepole, akiuma ulimi kama anapopima mbao. Mashine ikasoma mia sabini. Kisha mia hamsini na tano. Sista alichungulia, akanionyesha dole gumba.

"Umeoa?" niliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Nani akubali mtu mwenye bomu tumboni? Wewe je?"

"Mimi nimeolewa na brashi."

Akacheka. Mia arobaini na tano. Hapo ndipo nilipaswa kufunga mdomo. Lakini nikatazama karatasi. Alikuwa amechora mlango wa nyumba tuliyotaka kuhamia, aliouranda kwa mikono yake, kwa bluu niliyoichagua mimi, ile aliyolalamika kwamba inafanana na ndoo. Nikaisahau sheria yangu.

"Fundi, nilikukosea nini?"

Brashi ikasimama. "Bosi, si niliandika yote kwenye barua?"

"Barua gani?"

"Niliyompa Dada yako, siku zile uko chuoni kwenye mitihani. Baba alikufa kwa ugonjwa huu, na baba mdogo vilevile. Nikapimwa, nikakutwa nao. Nikaandika kwamba ukinitaka hivyo hivyo, nipo. Nikasubiri siku mbili. Dada akaja, akasema umelia sana, umekataa kuja kuwa mjane, nisikutafute."

"Sikupata barua yoyote. Mimi aliniambia umeghairi harusi, umehama."

Tukatazamana. Mashine ikaanza kulia. Mia mbili na kumi.

Daktari wa usingizi alikuja mbio, akasoma namba, akatikisa kichwa. "Leo hapana. Tumrudishe kwenye dawa, Alhamisi tutaona."

"Ilikuwa imeshuka vizuri, Mwalimu," sista alininong'oneza. "Mmeongea nini?"

Nikakusanya rangi zangu, nikatoka.

Nilimpigia Dada nikiwa nimesimama nyuma ya chumba cha kufulia mashuka.

"Dada, barua ya Fundi iko wapi?"

Nikamsikia akipunguza redio. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza iko wapi."

"Niliichoma. Mama alituacha wadogo, mikono hii ndiyo iliyokulea. Ningekuachaje uolewe na mtu anayekwenda kufa?"

"Ana miaka sita anatengeneza meza na vitanda. Hajafa."

"Mdogo wangu, nilikuokoa."

"Uliniokoa na nini? Kweli, sikuzeeka mjane. Nimezeeka tu."

Nikakata. Nililia nimekumbatia kapu la mashuka machafu, na mfuaji mmoja akanipa kona ya shuka safi nijifute.

Jumanne asubuhi simu ikaita kidogo. Meseji.

"Bosi, umekula?"

"Pumzika wewe."

"Nikipona utanioa?"

"Presha kwanza, posa baadaye."

"Nikikuwaza inapanda. Nikikuchora inashuka. Nifanyeje?"

"Chora."

Mchana nilikwenda kukaa naye. Hatukuzungumzia barua, sote wawili tuliogopa mashine. Alinishika kidole kimoja tu, kile kilichokuwa kivalishwe pete, akakishikilia muda mrefu.

"Sina hasira na Dada yako," alisema. "Ningekuwa na mdogo kama wewe, labda na mimi ningechoma."

"Mimi ninayo. Ya kututosha wote wawili."

"Basi nitunzie na yangu." Akanionyesha karatasi. "Kimebaki kitasa tu. Nitakiweka Alhamisi nikiamka. Usikiweke wewe, utakiweka upande usio wake."

Nikambusu kwenye paji la uso, mbele ya sista na wagonjwa wanane. Mashine haikusema kitu.

Jumatano, muda wa chakula cha mchana, nilikuwa natoka wodi ya watoto na kopo la brashi chafu. Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. Sista yule hana kawaida ya kusimama bure.

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Wamempeleka chumba cha upasuaji leo?"

"Walimkimbiza. Hakufika. Mshipa ulipasuka ghafla. Alikuwa kwenye sinki, anaosha brashi yako."

Niliketi kwenye kitanda kisicho na shuka. Daktari mpasuaji alikuja, akavuta kiti.

"Hata tungempasua Jumatatu, tusingekuwa na uhakika," alisema.

"Lakini mngekuwa mmejaribu."

Ni mtu mkweli. "Ndiyo," akasema, "tungekuwa tumejaribu."

Hilo ndilo nalala nalo na kuamka nalo. Dada alituibia miaka sita. Lakini ile Jumatatu niliiharibu mimi mwenyewe, mimi ninayelipwa kutuliza watu, kwa swali moja ambalo lingeweza kusubiri. Lilikuwa limesubiri miaka sita. Lingeshindwa kusubiri siku moja?

Mazikoni Dada alikuja, akasimama mbali. Jioni akaandika: "Nisamehe. Nilikupenda vibaya." Meseji ile bado ipo kwenye simu yangu. Kila siku naifungua, naanza kujibu, nafuta.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini. Wengi walisema nipumzike. Nipumzike wapi, na mlango ule uko kwenye droo yangu, hauna kitasa?

"Mwalimu," sista alisema taratibu, "samahani. Ni namba saba tena. Presha imegoma."

Alikuwa mama wa makamo, uvimbe kwenye koo, macho mekundu. Nikampa karatasi. Akachora viti viwili, kimoja akakipaka rangi, cha pili akakiacha kitupu, akakitazama mpaka machozi yakamdondoka. Mdomo wangu ulifunguka. Nikaufunga.

"Mwanangu, huniulizi cha nani?"

"Siulizi, mama."

"Wenzako wote hapa wanauliza maswali."

"Wewe chora tu. Ukirudi utaniambia."

Akajifuta, akachovya brashi kwenye bluu. Presha ikashuka mpaka mia thelathini. Saa nne kamili wakaja kumchukua, nami nikabaki nimeshika karatasi yake, ikiwa bado mbichi.