Kamera Yenye Moyo

— Landry, kamera yenye moyo ni kitu gani?

Bénie alikuwa amesimama mbele ya duka la simu, pale mtaa wa Birere, simu yake mkononi. Landry, mchumba wake, ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka hilo. Akamtabasamia kama anavyowatabasamia wateja.

— Ni teknolojia mupya, chérie. Inasikia hisia ya mutu mbele ya kumupiga picha.

— Inasikia namna gani?

— Inasikia tu.

— Kumbe hujui.

— Patron, mwenye duka, njo aliitunga. Simu mupya inaomba jina ya kuvuta watu.

Bénie hakucheka. Kila jioni, akitoka kwenye ofisi ya parokia alikokuwa karani, alijitolea kuandika katika kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Aliandika habari za mawe ya volkano, za muhogo, za magonjwa ya ng'ombe. Asubuhi hiyo alikuta humo makala mpya, "Kamera Yenye Moyo", imesifiwa kuliko mtakatifu. Mwandishi: Landry.

— Nimeomba waifute, alisema.

— Unafuta kazi yangu?

— Kazi gani? Ile ni affiche, tangazo ya duka. Kesho mutatunga betri yenye akili, kesho kutwa chargeur yenye huruma. Yote iingie mu encyclopédie, wanafunzi waisome kama masomo?

— Watu wanaitumia ile neno.

— Nani? Nionyeshe mutu moja mwenye hauzishe simu.

Landry akashusha sauti.

— Bénie, kama ile page inabaki, patron ananipa kuongoza duka mupya. Unataka tuoane na nini?

— Na mukono yetu. Si na uongo.

Alisema hivyo, lakini moyo ulimuuma. Alimpenda. Kwao Munigi umeme ulikuwa umekatika, basi akamwachia simu aichaji, akaenda kazini; jioni akapita kuichukua.

Kesho yake alifungua ukurasa ambapo wahariri walikuwa wakijadili ile makala. Chini kabisa palikuwa na maneno haya: "Nimebadili mawazo. Ibaki. Ni mada kubwa sana kwa Afrika." Aliyetia sahihi ni Bénie.

Akamwandikia Landry ujumbe: "Ni weye ulifungua simu yangu, ukaingia mu compte yangu ya kamusi?"

Jibu likaja upesi: "Nilifanya juu yetu wawili. Ni jina tu."

Akampigia.

— Rudia vile umeandika.

— Bénie, usikasirike. Ni internet.

— Wale watu wananijua kwa hiyo jina. Wananiamini. Ukaikamata, ukaiweka chini ya takataka yako.

— Takataka? Mimi ni bwana yako.

— Bado.

Akakata. Papo hapo akaandika pale pale kwenye mjadala: "Maneno yaliyo juu si yangu. Yameandikwa na mchumba wangu, anayeuza simu hiyo." Kabla ya jioni makala ilikuwa imefutwa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Jumapili Landry alifika Munigi, suti mpya, viatu vinang'aa. Baba yake Bénie, Muzee Baharanyi, alimpa kiti.

— Papa, nimekuja kuomba pardon, Landry alianza. Mapenzi yetu ni ya kizazi kipya, yenye nguvu ya ajabu, yenye kudumu kupita zote...

Bénie alimtazama. Alitafuta ndani ya maneno yale mtu aliyempenda, asimwone.

— Landry, uliniibia jina. Sema ile moja tu.

Landry akatazama viatu vyake. Baadaye akaaga.

Muzee akamgeukia binti yake.

— Mutoto yangu, unaacha bwana juu ya neno ya téléphone?

— Hapana, papa. Ile neno ni ujinga tu. Namuacha juu alisema kwa kinywa yangu kitu yenye sikusema, na mupaka leo haone ubaya.

Ndugu zao wa Bukavu walikuwa wamekwisha kujiandaa kupanda boti waje kupokea mahari. Muzee akachukua simu yake, akavaa miwani, akapiga.

— Allô? Ni miye. Musikuje tena. Hapana, hakuna mugonjwa. Binti yangu amekataa, na miye niko nyuma yake.

Bénie akaenda nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikolia.