Aliyemsuka Mama Mkwe

Sabuni ilikuwa imelowa. Msusi aliitazama kwenye kisahani chake kando ya ndoo ya kunawia, ina povu bichi, na geti la chuma la saluni yake bado lina kufuli alilolifunga jana jioni.

"Wifi, umenawa hapa?"

"Mimi ndio kwanza natoka kitandani," alijibu mdogo wa mumewe akipiga miayo.

Msimu ule haukuwa wa mzaha. Homa ya kukohoa ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba, na wezi wakipita nyuma yake, maana watu walikuwa hoi vitandani. Mumewe alikuwa safarini na lori. Nyuma ya saluni, chumba cha ndani, alilala mama mkwe, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Ndiyo maana msusi aliweka sheria: anayeingia ananawa, anayekohoa anarudi kwao, na geti halifunguliwi kwa mtu ambaye hajaonekana uso, hata alie machozi ya damu. Wateja walimbandika jina la Bi Kufuli. Alicheka nao, na geti akalifunga vilevile.

Alipompelekea mama mkwe chai, alimkuta ameketi kitandani anajitazama kwenye kioo. Mvi zake, jana zilikuwa zimetimka, leo zimesukwa. Mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka kama imepigwa rula, imekazwa hadi ngozi ya paji la uso imevutika.

"Mama, nani kakusuka?"

"Si yule mgeni wako." Mama mkwe alitabasamu. "Mikono yake ya baridi, lakini mwepesi huyo! Na kanawa kwanza, nimemsikia."

Msusi alimgusa shavu. Lilikuwa linachoma.

Walivaa barakoa wakampeleka zahanati. Muuguzi alitoa dawa, akasisitiza mgonjwa alale peke yake na madirisha yawe wazi. Jioni msusi aliifumua ile mistari, na nywele zikatoa harufu ya nguo iliyosahaulika majini siku nyingi. Homa ikashuka. Kulipokucha, nywele zilikuwa zimesukwa tena, zimekazwa zaidi, na homa imepanda. Akafumua. Zikasukwa. Mchana, akiwa na mteja, akaanza kusikia kikohozi kidogo, cha mtu mwenye adabu anayeziba mdomo, kikitoka kwenye kiti cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mteja akakiangalia kile kiti, akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage motoni, akaondoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

Mganga waliyemwita alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alinawa hadi viwikoni kabla ya kusalimia.

"Dawa za zahanati msiache," alisema. "Hizo ni za homa. Huyu anayeiita homa ndiye wa kwangu. Nani alimfungulia?"

Wifi aliinamisha kichwa. "Siku ile wifi kaenda kununua nywele za kusukia. Nikasikia sauti yake getini: nifungulie, mikono imejaa mizigo. Nikafungua bila kuchungulia, nikasema ingia wifi. Hakukuwa na mtu. Ubaridi tu ulinipita, nikafunga."

"Mwanangu," mganga alishusha pumzi, "uliyemkaribisha kwa kinywa hatoki kwa kufuli. Utamtoa wewe, kwa kinywa hichohicho. Na akishatoka ataomba kurudi. Asifunguliwe, aje na sauti ya nani."

Akawasha ubani, akaanza kusoma kwa kunong'ona. Wifi akasimama mbele ya kile kiti.

"Mgeni, niliku... nilikukaribisha mimi. Sasa nakutoa. Toka."

Kiti kikalia kama mtu anayejiinua, na bomba la ndoo likajifungua lenyewe, na ile sabuni ikanyanyuka ikazunguka taratibu hewani, ikisuguliwa katikati ya mikono isiyoonekana, povu likidondoka chini tone baada ya tone kuelekea kwenye geti, ambalo mganga alikuwa ameshalifungua, huku chumbani mama mkwe akipiga kelele kwamba anavutwa nywele, anavutwa, anavutwa, hadi geti lilipobamizwa na kufuli likalia.

Msusi alikimbilia chumbani. Mistari yote ilikuwa imefumuka, na mama mkwe amelala, jasho linamtiririka, homa inashuka.

Alikuwa hajamaliza kumfuta uso aliposikia mtu anaita kule nje.

"Wifi! Ni mimi, nifungulie. Mikono imejaa mizigo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Alirudi saluni akamkuta wifi yake ameng'ang'ania ukuta, anamtazama yeye, analitazama geti, anamtazama yeye. Mganga aliweka kidole mdomoni. Sauti ikabembeleza, ikatukana, ikalia. Hakuna aliyesogea. Mwishowe ikanyamaza, na hatua zenye maji zikaanza kuondoka, chwa, chwa, hadi kwa mama pacha wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa na wanawe wachanga ndani.

"Jirani, nifungulie, nakuomba. Wamenifukuza."

Msusi alikimbilia dirishani. "Mama pacha, usifungue! Mimi niko huku!"

Mtoto mmoja akaanza kulia. Kisha mama pacha akauliza kwa woga, nyuma ya mlango wake, "Msusi? Mbona nawasikia wawili?"

"Mimi ndiye!" msusi alipaza sauti.

"Mimi ndiye," sauti ya mlangoni ikasema palepale, kwa kilio, kama mtu aliyechoka kabisa. "Huyo anayepiga kelele sijui nani. Ananitisha, jirani. Fungua."

"Chungulia kwanza! Chungulia dirishani!"

Lakini mama pacha alikuwa na moyo wa huruma, na aliyekuwa akilia mlangoni alikuwa karibu zaidi. Msusi alisikia komeo likivutwa.

"Ingia, shoga," mama pacha alisema.