Namba Nane Kwenye Kamba

Tulienda kupanda matete tu, jamani. Hakuna aliyekwenda kutafuta makuu.

Ilikuwa mwaka 1996. Dawa ya wadudu wa kahawa ilikuwa haigawiwi tena na ushirika, kila kibanda kinauza. Watu wasio na haya wakawa wanaimwaga ziwani, hapa kwetu Masoko, samaki wakielea wanawazoa kwa ndoo. Hata vifaranga vya samaki vikaisha. Ndipo tukaunda kikundi, watu kumi na wawili wa kujitolea. Kila Jumamosi jioni, tukitoka shamba, tunarudishia matete pembezoni ili samaki wapate pa kuzalia. Mimi Esnath ndiye katibu, na mdomo wangu wanaujua.

Ziwa lile lina kina kibaya. Hatua tatu maji yako magotini, ya nne huna chini. Kwa hiyo tuliingia tumeshika kamba moja, na ukungu ukishuka, mwenyekiti wetu Mzee Ambwene anaita, "Hesabu!" Kila mtu anataja namba yake. Mimi nilikuwa mbili. Mdogo wangu Tusekile, nane.

Tusekile alikuwa na miaka sita mama alipofariki. Neno la mwisho la mama kwangu lilikuwa, "Huyu usimwache." Sasa alikuwa na kumi na saba.

Jumamosi hiyo aliamka na homa, tena alikuwa amejikata kidole gumba kwa panga. Nikachana kitenge changu, nikamfunga.

"Dada, leo nibaki."

"Uvivu huo! Twende."

Akaja. Mungu anisamehe, akaja.

Ukungu uliposhuka hatukuonana. Nilisikia maji tu... chubwi... chubwi...

"Hesabu!"

Moja. Mbili, nikasema. Tatu. Nne... Ikafika nane, sauti ya Tusekile, imekwama kama ya mtu mwenye mafua. Ikaenda mpaka kumi na mbili. "Ndaga," Mzee Ambwene akashukuru, "tumetimia." Tukatoka.

Njiani Tusekile alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta kamasi, nguo zikichuruzika. Nikamsemesha, hakujibu. Nikajua amenuna, nami nikanuna.

Kufika nyumbani, jikoni moto unawaka.

Tusekile amechuchumaa, anageuza ndizi kwenye majivu. Nguo zake kavu.

"Niliondoka mapema, dada," akasema. "Homa ilizidi."

Nikageuka. Pale migomba inapoishia, mtu amesimama kwenye ukungu. Anatetemeka.

"Dada... umenisikia nikihesabu. Nane. Usiniache nje."

Wa jikoni akanong'ona, "Funga mlango. Ndiye aliyenifuata tangu majini."

Sauti moja. Uso mmoja. Harufu ya matope na dawa ya kahawa ilinijaa puani, nikasema ni ya huyo wa nje. Mimi ninayejifanya jasiri, niliogopa! Nikachagua mwenye nguo kavu.

Nikafunga.

Alibisha kidogo, kwa adabu, kama mgeni. Akaita dada mara tatu. Nikakaa chini, nimeegemea mlango.

Harufu ilikuwa bado ndani.

Asubuhi, kizingitini, nilikuta kile kipande cha kitenge changu. Kimelowa, kina damu. Nikarudi ndani mbio, nikamshika Tusekile mkono. Kidole gumba kizima. Hata alama hakina.

"Kimepona, dada," akasema, na akacheka.

Nilimfuata Mzee Ambwene, nikamweleza yote. "Mwanangu, ziwa hili limeuliwa watoto wake," akasema kwa sauti ya chini. "Nalo lina watu wake wa kuwaleta, na wa kuwachukua." Zaidi ya hapo hakutaka kusema, na kanisani hatukusema kabisa.

Tusekile ameolewa Kisondela, ana watoto wawili. Ni mkarimu, ananiletea maparachichi. Lakini ziwani hajakanyaga tena, na mvua ikimnyeshea, ile harufu inarudi. Namba yake nilimuuliza mara moja tu. Akasema hakumbuki.

Kikundi bado kipo. Matete yamesimama, samaki wamerudi, na watu wananisifu: Esnath hana mfano, mvua au homa hakosi Jumamosi. Wanadhani nakwenda kwa ajili ya samaki.

Ukungu ukishuka, Mzee Ambwene anaita hesabu. Tuko kumi na mmoja, na nafasi ya nane tuliiacha wazi. Mtu wa saba anataja yake. Wa tisa anangoja kidogo, sote tunangoja...

"Nane," linasema tete. "Dada, baridi."

Nami sijawahi kumwitikia.