Mzigo wa Handaki la Twalibu

Toroli lilikwama tena palepale, hatua arobaini kutoka mlangoni, ingawa reli zake zilipakwa mafuta asubuhi hiyohiyo.

Lugembe, msimamizi wa makuli, alilipiga teke gurudumu. Ilikuwa wiki ya tatu. Masika ya mwaka 1951 yaligeuza barabara za Tabora kuwa tope tupu, ndipo tajiri Twalibu akachimbisha handaki kutoka stesheni hadi ghala lake la sokoni, magunia ya karanga yapite chini kwa chini. Hayakupita.

"Bwana Lugembe, turudi," alinong'ona Masolwa, aliyekuwa akisukuma naye, taa mkononi. "Husikii hiyo harufu?"

Aliisikia. Jasho la watu wengi, na humo walikuwa wawili tu.

"Nimechoka!" Lugembe alifoka gizani. "Wewe uliyemo humu, kama unautaka mzigo, usukume mwenyewe!"

Toroli likaondoka. Lilikwenda lenyewe, polepole, na pembeni mwake zikasikika nyayo za watu pekupeku, za mmoja, kisha kumi, kisha nyingi mno, na mihemo ya waliolemewa, na miguno ya kupokezana mizigo begani, hata Masolwa akaitupa taa na kukimbia, na katika giza lile sauti kavu ikamwambia Lugembe sikioni, kwa Kinyamwezi cha kizamani: "Nimekusukumia. Sasa nipokee."

Alitoka amepinda, bega la kulia likikaribia goti. Mgongoni hapakuwa na kitu.

Mkewe, Josepha, alimpeleka Itetemia kwa mganga Nyamizi.

"Shikamoo, bibi," Josepha alisalimu.

"Marahaba." Mganga alimgusa Lugembe bega, akauondoa mkono haraka kama aliyeungua. "Jini huyu ni wa wapagazi wa misafara ya zamani, hatoki kwa ubani. Mzigo wake hautuliwi chini. Hupokewa tu, na anayeupokea awe ameridhia."

"Basi nitakufa nao," Lugembe alisema.

Siku kumi na mbili hakuweza kulala chali. Alimfokea Josepha kwa uji wa moto, kwa uji uliopoa, hata kwa kumtazama. Siku ya kumi na tatu alilipiga bakuli kofi, uji ukamwagika.

Josepha aliliokota bakuli, akaliweka mezani. "Mimi siwezi tena hivi," alisema taratibu. "Lete nikupokee."

"Nyamaza! Usise—"

Mgongo wa Lugembe ukanyooka, ukilia pingili kwa pingili. Mbele yake mkewe alikuwa akididimia, bega la kulia likikaribia goti. Lugembe alitaka kupiga yowe, lakini kilichomtoka kwanza kilikuwa pumzi ndefu ya raha.