Jina la Amondi

Simu moja kwenye rafu ilianza kunuka udongo uliolowa, na humo ndani ya ghorofa za mtaa wa Pipeline udongo utoke wapi? Whitney akajiambia ni nepi ya mtoto.

Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba ambacho taa huwaka hata adhuhuri, akichunga rafu nzima ya simu za kampuni moja ya mtandao. Alizipa uhai akaunti zisizo na wenyewe: zipende picha, zisalimiane, kila moja ilale na kuamka kwa saa yake isije ikagundulika, ili wawekezaji waone watumiaji wanazidi kujaa. "Ikiamka, hiyo ni mtu. Hesabu," Kabiru, bosi wake, alizoea kumwambia.

Majina na picha aliviokota kwenye matangazo ya mazishi yanayotumwa katika magrupu ya michango. Marehemu hawalalamiki. Hata Amondi, nyanya yake mumewe, alimfungulia akaunti kabla matanga hayajaisha. Hilo lilimchoma roho, lakini hakuifuta.

Sasa mtoto wake mchanga alikuwa halali wala hanyonyi, analia hadi sauti inakauka. Mama mkwe akaja kutoka Siaya, akampakata, akaanza kumwitia majina ya waliotangulia, kama wafanyavyo kwao. Jina atakalolinyamazia ndilo lake.

"Amondi," akaita.

Mtoto akazidi kulia. Simu ile ikawaka yenyewe, na sauti ya kikongwe ikasema taratibu, "Mimi nishapewa pa kukaa."

Mama mkwe akaigeukia rafu. "Whitney, jina la mama umempa nani?"

Whitney alikiri yote kwa kunong'ona, akitamani sakafu immeze.

"Mtoe humo."

Whitney akaifuta akaunti. Mama mkwe akaita tena, na mtoto akanyamaza, akashika titi la mamake. Whitney akalia kwa aibu na shukrani.

Ndipo harufu ya udongo ikajaa chumba kizima, simu zote zikawaka kwa pamoja, na sauti za watu ambao hakuwahi kuwajua ila kwa picha zao za mazishi zikaanza kujitaja, Phares, Waithera, Sylvance, kila mmoja akidai uhai aliopewa kwa mkono wa Whitney, huku mama mkwe akirudi nyuma hadi ukutani.

Na kila jina lilipotajwa, mtoto aliachia titi, akageuza shingo kuelekea rafu, akaitika.